Ngozi ya Mama Limi

Siku ya kumi na nne ngozi ya Mama Limi ilianza kumtoka mwanawe.

Eufrasia ndiye aliyefungua bendeji asubuhi ile. Alikuwa nesi na mkunga katika hospitali moja ya misheni upande wa Geita, mwanamke wa makamo, mwepesi wa mikono na wa maneno. Alifungua huku anaomba kimoyomoyo aikute ngozi imetulia kifuani pa mtoto kama alivyoiacha juzi. Haikuwa imetulia. Ilikuwa ya kijivu, kingo zimejikunja, na alipoigusa kwa koleo, kipande cha ukubwa wa jani la mchicha kikaja chote bila kuvutwa. Limi, mtoto wa miaka minne, akaangua kilio. Mama yake aliyekuwa amemshika miguu hakulia. Alikitazama kile kipande kwenye beseni, kisha akamtazama Eufrasia kwa muda mrefu, na Eufrasia akainama akajifanya anatafuta shashi.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Eufrasia ilikuwa imefika mwisho kwa majuma mawili tu.

Tumtendee haki, hakuwa mwongo wa tabia. Mwaka ule wa 1979 vita vilikuwa ng'ambo ya ziwa, mafuta ya taa yalikuwa adimu, na watu wasio na haya waliyaongezea petroli ili yatoshe wateja. Koroboi za watu zikawa zinalipuka. Ya nyumbani kwa Mama Limi, kule Nyarugusu, ililipuka jioni moja wakati baba mtu, Maduhu, bado yuko shimoni akitafuta dhahabu. Limi aliungua kifua chote, tumbo, na mapaja yote mawili. Alipofikishwa hospitalini juu ya lori la pamba hakuwa hata na nguvu ya kulia, na mtoto aliyeungua asiyelia humtisha nesi kuliko anayepiga kelele.

Daktari alikuwa Cornel, Mhaya aliyesomea Muhimbili, mtu mwenye kujua mambo mengi sana isipokuwa Kisukuma. Mama Limi naye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuulizia bei ya chumvi. Kwa hiyo kila neno kati yao lilipitia kinywani mwa Eufrasia, Mzinza wa Chato aliyekulia kati ya Wasukuma.

"Mwambie mama," daktari alisema siku ile, "mtoto ana jeraha kubwa na hana nguvu. Nikimchuna mgongoni leo nimpandikize ngozi yake mwenyewe, atanifia mezani. Nitachukua ngozi nyembamba kwenye paja la mama, nimfunike nayo. Itamsitiri wiki mbili, labda tatu, apate nguvu. Kisha itatoka. Itatoka tu, hakuna namna, mwili haukubali ngozi ya mtu mwingine. Hapo ndipo nitachukua ya mtoto mwenyewe, na hiyo ndiyo itakayokaa. Halafu muulize kama ana mimba."

Eufrasia akamgeukia mama. Akayaona macho yale. Bibi yake aliyemlea kule Chato alikuwa akimpiga kibao cha mdomo mtu yeyote anayetaja jambo baya kitandani pa mgonjwa, kwa sababu, alisema bibi, baya likitajwa hujua njia ya nyumba. Eufrasia alikuwa na cheti cha uuguzi chenye muhuri wa serikali, lakini kibao cha bibi kilikuwa cha zamani zaidi. Tena, mbele ya daktari asingethubutu kulisema, ila moyoni hakumwamini sana. Nani kama mama? Mtoto ametoka mwilini humo humo, aikatae vipi ngozi yake?

Basi akasema kwa Kisukuma: "Daktari anataka ngozi ya paja lako amfunike mwanao. Itashika, mtoto atapona. Je, una mimba?"

"Sina," akasema Mama Limi, tayari anaipandisha kanga aonyeshe paja.

"Hana," Eufrasia akamwambia daktari. "Na amekubali."

Siku zilizofuata wodi nzima ilimjua Mama Limi kwa paja lake. Alitembea akichechemea kwa maringo, kanga ameipandisha kidogo ili bendeji ionekane, na kila aliyeuliza alimwambia, "Nimemvika mwanangu." Wanawake walimpisha kwenye foleni ya uji. Limi akaanza kumeza maziwa, akaanza kukojoa vizuri, akaanza kuuliza baba yuko wapi. Eufrasia alipopita karibu na kitanda kile alijisikia mtu mwenye busara kuliko madaktari wote wa Muhimbili.

Ndipo ikaja siku ya kumi na nne.

Siku ya kumi na sita karibu nusu ya ngozi ilikuwa imeshatoka. Daktari Cornel hakushtuka hata kidogo. Alisema mambo yanakwenda kama alivyotarajia, akapanga kumpandikiza mtoto Jumanne. Lakini Mama Limi aliacha kula. Aliishusha kanga yake ikafunika paja. Hakumgusa tena mtoto wakati wa kufungwa kidonda. Aliketi mlangoni, uso ameuelekeza nje. Na Ijumaa mama mkwe wake, Bibi Mageni, akaja na lori kutoka Nyarugusu, akasimama juu ya kile kitanda mikono kiunoni, akatazama, akaguna.

"Shikamoo mama," Eufrasia akamwamkia.

"Marahaba." Bibi hakumtazama. "Mlisema itashika."

Bibi Mageni akasema lori litarudi Jumatatu mchana kupakia magunia, na likiondoka litaondoka na mtoto. Kuna mfumu, mganga wa kienyeji, huko nyumbani anayeweza kuuliza wahenga wamekasirikia nini. Hospitali imejaribu, na asante yao. Mwana anapoikataa ngozi ya aliyemzaa, hilo si jambo la dawa ya maji ya chumvi. Alisema bila ukali wowote, mtu mzima aliyezika watoto watatu na asiyetaka kuzika mjukuu, na Mama Limi, kule mlangoni, akaitikia kwa kichwa.

Eufrasia alijua maana yake. Mtoto mwenye kidonda kilicho wazi kuanzia kifuani hadi magotini, juu ya lori, kwenye vumbi la barabara ile, na baada ya hapo kwenye sakafu ya udongo. Asingemaliza wiki. Na mwenye kosa hangekuwa mfumu wala bibi, wala aliyechanganya petroli. Angekuwa yeye.

Mtu akikosa hutafuta kwanza mlango wa kutokea bila kukiri, na Eufrasia aliutafuta. Jumamosi alimwomba daktari ampime Mama Limi: hali chakula, anasikia kizunguzungu, pengine paja limeingia usaha, pengine wamzuie mama wodini kwa ugonjwa wake na mtoto abaki naye. Daktari akaagiza damu yake ipimwe.

Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa, na mwenye chumba alikuwa Bashiri, kijana wa mjini Geita, mwana wa wafanyabiashara wa Kiislamu waliohamia kutoka pwani siku nyingi. Alikuwa na kofia ya kiua na maoni juu ya kila kitu. Saa tano asubuhi alikuja mwenyewe wodini na karatasi mkononi, jambo alilolifanya pale tu alipokuwa na habari mbaya au ya kujisifu.

"Sista Eufrasia, huyu mama yako anaoza mahali. Chembe nyeupe elfu kumi na nne! Nimehesabu mara tatu. Watu wa hapa wakiwa wazima wananipa elfu tano, elfu sita. Na damu yake nimeisimamisha kwenye mrija saa nzima, chembe nyekundu zimezama mbio, milimita arobaini na nane. Kama si jipu la ndani basi ni kifua kikuu. Mwambie daktari Bashiri kasema."

Daktari Cornel alilifungua paja la Mama Limi: limekauka safi, ngozi mpya inang'aa. Akamsikiliza kifua: hakuna kitu. Homa: hana. Akamgonga mgongo, akambonyeza ini, akasimama akijikuna shingo. Damu ilikuwa inapiga yowe la vita, na mwili mzima ulikuwa kimya.

Eufrasia alitoka nje kupata hewa. Nyuma ya jiko la wauguzaji alimkuta Mama Limi amesimama peke yake, ameipa kisogo njia. Alikuwa anamega udongo wa ukuta wa jiko kwa kidole, kidogo kidogo, na kuutia mdomoni.

Mkunga wa miaka kumi haambiwi mara mbili. Alisimama pale akajiona mjinga kuliko wote waliowahi kuvaa sare nyeupe.

"Mama Limi," akasema taratibu. "Mficha uchi hazai. Ni mwezi wa ngapi?"

Mama Limi aliugeuza uso, midomo ina vumbi jekundu. Kwanza alitaka kukana. Kisha mabega yakamshuka.

"Wa nne."

"Mbona siku ile ulisema huna?"

"Mimba changa inatajwa?" Mama Limi alisema kana kwamba ameulizwa kama maji yanaloanisha. "Tena mbele ya mwanamume, mbele ya mgonjwa! Nilinyamaza ili isipatwe." Akapangusa midomo. "Na sasa najua. Wahenga wameniona. Nimemficha mmoja, mwingine amenikataa. Huyu wa nje niliyemnyonyesha ananivua kama nguo chafu. Na huyu wa ndani, dada, akinikataa? Au mimi nikimkataa yeye, akanitoka vipande vipande vile vile?"

Eufrasia alitaka kumwambia: hapana, usijali, itashika. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Aliyameza, na kuyameza kulimuuma. Alijua sasa kwamba wote wawili walinyamaza siku moja, kwa sababu ile ile, mbele ya kitanda kimoja, na kwamba ukimya wake yeye ndio uliokuwa unamla huyu mwanamke.

Alikwenda kwa daktari akamweleza mimba. Daktari Cornel alijipiga paji la uso akacheka.

"Bashiri ana kifua kikuu yeye! Sista, damu ya mjamzito mzima ndivyo ilivyo. Chembe nyeupe huongezeka, hufika kumi na mbili, kumi na nne, wakati mwingine zaidi, na hakuna adui yeyote. Nyekundu huzama mbio. Sisi hapa kliniki ya wajawazito hatuzihesabu, tunatazama wekundu wa damu tu, ndiyo maana Bashiri hajawahi kuziona. Huyo mama haumwi. Ni mzima sana."

"Zinaongezeka za nini, kama hakuna adui?"

Daktari aliacha kucheka. Akavuta kiti, akaketi, akawa kama mtu aliyeulizwa habari za kwao.

"Keti, sista. Unajua ngozi ile imetoka kwa nini? Zile chembe nyeupe ni walinzi. Kila mwili una walinzi wake, nao hujua kilicho chao na kisicho chao. Limi ni nusu ya mama yake. Nusu nzima! Lakini nusu nyingine ni ya baba, na hiyo imewatosha walinzi wa Limi kuitazama ngozi ya mama na kusema: huyu si sisi. Wakaitoa. Ni sheria, nimeiona kwa kila niliyempandikiza ngozi ya mwenzake. Haya, sasa mtazame mama. Tumboni mwake yupo mtu ambaye nusu yake ni Maduhu, mtu wa ukoo mwingine kabisa. Kwa sheria hiyo hiyo walinzi wa mama wangemtoa kabla mwezi haujaandama. Na hawamtoi. Miezi tisa! Wanazidi kuwa wengi, wanazunguka na damu hadi pale mlangoni pake, na hawamtoi."

"Labda wamelala."

"Wangelala, mjamzito angekufa kwa mafua. Ni kweli hulegea kidogo kwa baadhi ya mambo. Wewe mwenyewe unaona malaria inavyowapenda wajawazito, hasa wa mimba ya kwanza. Lakini hawalali. Akijikata kisu, kidonda kinapona. Na kuna kubwa zaidi. Mtoto wa miezi mitatu ulishamwona na surua?"

Eufrasia akafikiri. Surua ilikuwa ikijaza wodi ile kila mwaka, watoto wa mwaka mmoja, wa miaka miwili. Vichanga walilala katikati yao, wananyonya, hawana hata upele. "Si wengi," akasema. "Karibu hakuna."

"Ni kinga ya mama. Humpitishia akiwa bado ndani, kupitia kondo la nyuma, akiba ya miezi ya mwanzo. Yule ambaye alipaswa kumfukuza, humpa silaha zake."

"Inawezekanaje?"

"Wengine wanasema kondo ni ukuta. Wengine wanasema kuna kitu kinawatuliza walinzi pale pale tu, si mwili mzima. Nimesoma hao, nimesoma na hao." Daktari alifungua mikono, mitupu. "Hatujui, sista. Mimi napasua watu na sijui."

Eufrasia alitoka chumbani mle. Alikuwa amepokea watoto zaidi ya elfu moja. Alikuwa amewakata vitovu, amewapima, amewafokea mama zao wasisukume kabla ya wakati, na kondo amezitupia jicho kuona kama zimetimia. Na siku zote hizo, kila mwanamke aliyepita mbele yake akipepesuka na kulalamika mgongo alikuwa amebeba jambo ambalo daktari analisimulia kwa sauti ya kanisani. Aliona aibu. Kisha ile aibu ikageuka ikawa kitu kingine, hofu tamu iliyomfanya asimame kwenye baraza na kuwatazama wajawazito wa kliniki waliopanga foleni juani, mmoja anachokonoa meno kwa kijiti, mwingine anagombana na mwenzake kwa nafasi ya kivuli, na akataka kuwaamkia wote shikamoo.

Jumatatu asubuhi, kabla lori halijafika, alimchukua Mama Limi akaenda naye maabara.

Bashiri alikuwa amenuna kwa ajili ya kifua kikuu chake, lakini alipoelezwa alilainika. Alikuwa amelipaka rangi tone la damu kwenye kioo. Akaliweka chini ya hadubini, akarekebisha, akasogea pembeni kwa heshima, kofia mkononi. Mama Limi aliinama, akafumba jicho moja kama alivyoagizwa.

"Naona kama mtama umemwagwa. Na kuna nyingine kubwa, zina moyo wa zambarau."

"Hizo za zambarau ni walinzi wako," Eufrasia akasema. "Sasa ni wengi kwa sababu ya huyo uliye naye. Mama Limi, inua kichwa unisikilize. Nilikudanganya."

Akamwambia yote, kwa Kisukuma, bila kupunguza. Kwamba daktari alisema tangu mwanzo kuwa ngozi itatoka. Kwamba alisema wiki mbili au tatu, na zimekuwa wiki mbili. Kwamba ngozi ya mtoto mwenyewe ndiyo itakayokaa, na ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, na kwamba hakuna mhenga aliyekasirika ila yeye Eufrasia aliyeogopa kutaja baya.

Mama Limi alirudi hatua moja nyuma. Bashiri, ambaye hakuelewa neno hata moja, alikuwa amegandia ukutani.

"Siku tano," hatimaye Mama Limi akasema. "Siku tano nimekaa mlangoni nikimwogopa mwanangu. Ungenipiga ingekuwa afadhali."

"Najua."

"Hujui."

"Sijui," Eufrasia akakubali, na machozi yakamtoka mbele ya mgonjwa, jambo alilokuwa akiwakataza wanafunzi wa uuguzi. "Lakini kuna jambo moja daktari ameniambia, na hili nakupa lote kama lilivyo. Limi alipoletwa hapa alikuwa na nguvu ya kulia?"

"Hakuwa nayo."

"Mwili wake haukuwa na nguvu ya kukataa kitu chochote. Ungeweza kumfunika kwa ngozi ya mbuzi, mwili ungenyamaza. Walinzi wake walikuwa wameanguka. Ngozi yako imemkinga mpaka wameinuka. Wameinuka, wamehesabu vilivyo vyao, wameikuta ngozi ya mtu mwingine. Mama Limi, mtoto anayekufa hakatai."

Mama Limi alimtazama. Polepole mkono wake ukaenda tumboni, ukakaa pale.

"Na huyu? Walinzi wangu hawajaanguka. Nimewaona, wamejaa tele. Mbona wanamwacha?"

"Hilo daktari mwenyewe hajui. Anasema wanajaa, wanamzunguka, na badala ya kumfukuza wanamgawia nguvu zao. Anasema ni ajabu. Nilimwona uso, hakuwa anatania."

Nje honi ya lori ikalia. Walipofika wodini, Bibi Mageni alikuwa ameshakunja mkeka, na Limi amefungwa kwa kanga mbili tayari kwa safari.

"Gari linangoja," akasema.

"Mayu, mama yangu," Mama Limi akamwambia, "mtoto haendi. Kesho anapasuliwa."

"Ngozi yako imekataliwa. Unataka dalili gani tena?"

"Ndiyo dalili yenyewe. Amepata nguvu." Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshatoka maabara na hakuona tena sababu ya kuficha chochote, akasema mbele ya vitanda kumi na viwili: "Na mimi nina mimba ya miezi minne. Siwezi kupanda lori."

Bibi Mageni aliruka akamziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza! Kuna watu wazima humu!" Akageuka huku na huku kuona nani amesikia, na wote walikuwa wamesikia, mwanamke wa kitanda cha dirishani alikuwa anatabasamu waziwazi. Bibi alibaki na mkono mdomoni mwa mkwewe, macho yanamtembea. Alikuwa na kesi mbili mkononi sasa, na ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza, kwa maana mjamzito haachwi peke yake miongoni mwa wageni. Akapumua. Akaukunjua mkeka.

"Mwambieni dereva aende zake," akasema. "Mimi nakaa. Na huyu leo atakula, hata kwa kiboko."

Mchana ule Eufrasia alivitoa vipande vya mwisho kifuani pa Limi ili kidonda kiwe safi kwa ajili ya Jumanne. Mama Limi hakukaa mlangoni. Alipanda nusu kitandani, akakipakata kichwa cha mtoto. Limi alipiga kelele iliyofika barabarani, akarusha mikono, akamtukana Eufrasia kwa matusi aliyoyaokota mashimoni kwa baba yake, na kila kipande kilipoachia mama yake aliinama sikioni pake, machozi yanamdondokea mtoto kwenye nywele, anacheka.

"Kataa, mwanangu. Hiyo ni ya mama, si yako. Kataa. Kataa sana."

Eufrasia alilazimika kusimamisha koleo, kwa kuwa hakuwa anaona.

Jumanne daktari Cornel alichukua ngozi mgongoni pa Limi, kwa kuwa sasa palikuwa na mtoto wa kustahimili jeraha jipya. Siku ya tano walifungua bendeji watu wote wakiwa wameshika pumzi, Bashiri akichungulia dirishani bila kualikwa. Ngozi ilikuwa ya waridi, imeng'ang'ania. Siku ya ishirini ilikuwa bado imeng'ang'ania. Yalibaki kifuani pake makovu ya miraba miraba ambayo angezeeka nayo, na mwezi Juni alitoka hospitalini kwa miguu yake.

Mwezi wa tisa Mama Limi alirudi kujifungua. Alijifungua adhuhuri, mtoto wa kiume, kwa haraka na bila maneno mengi. Eufrasia alimfuta, akamwinua kwenye mwanga, na akaangua kicheko: alikuwa Maduhu mtupu. Masikio ya Maduhu, paji la Maduhu, hata namna ya kukunja midomo. Mama yake ungemtafuta kwenye uso ule usimpate. Huyu ndiye aliyekaa miezi tisa ndani ya mtu asiye wa ukoo wake, katikati ya walinzi waliojaa tele, na hakuna hata mmoja aliyemnyooshea kidole.

Daktari Cornel alikuwa amepita kutazama. Mama Limi, jasho bado linamtoka, mtoto juu ya kifua, akasema kwa Kisukuma: "Dada, muulize. Mwili wangu ulijuaje kwamba huyu si wa kukataliwa?"

Eufrasia akauliza. Daktari alikitazama kile kitoto kwa muda, akatikisa kichwa. "Mwambie hatujui."

Zamani angelivika neno lile nguo kabla ya kulipeleka. Sasa alilipeleka kama lilivyozaliwa.

"Anasema hawajui."

Mama Limi hakuonekana kuhuzunika. Alikuwa kama mtu aliyepewa zaidi ya alichoomba.

"Hata yeye anashangaa?"

"Anashangaa."

"Na wewe?"

Eufrasia akauweka mkono wake mgongoni pa mtoto, pale mkono wa mama yake ulipokuwa, akausikia moyo ule mdogo unavyokwenda mbio.

"Mimi zaidi," akasema.